Kolekole wa Qantab na Mumeo wa Kwanza

Mke wangu Zuwena,

Huko uliko nakuombea nuru na nafasi. Huku sisi wazima. Nakuandikia kwa sababu Ijumaa iliyopita binti yetu alinipeleka kule kijijini Qantab kwa gari, njia yote lami, nikawakuta vijana wamejipanga juu ya yale majabali yetu wanatupa baharini samaki wa plastiki wenye macho ya kung'aa. Mmoja akanambia, "Ami, hapa kolekole wakubwa wanakamata chambo cha bandia. Ushawahi kuona?" Nikamwambia nimeona. Sikumwambia kwamba nimeona tangu sitini na saba, na kwamba mpaka leo nna wivu.

Nilikuoa hapa Maskati, nyumbani kwa ami yako. Wewe mjane uliyetoka Unguja, mimi karani wa duka Matrah ambaye samaki nikimjua sahanini tu. Ndani ya mkoba wako mlikuwa na kanga, udi kidogo, na samaki wa mti wa urefu wa kiganja, kachongwa vizuri, kapakwa rangi nyeupe tumboni, na ndoana mbili chini yake. Nilidhani ni mchezo wa mtoto.

Tukenda Qantab kumtembelea khalati yako, dada wa mama yako, kwa mashua, maana njia ya gari haikuwapo. Baada ya sala ya alfajiri ukajifunga kanga kiunoni, ukapanda jabali la nyuma ambako wanaume hawaji. Nikakufuata na mshipi wangu na vipande vya dagaa. Mimi nikapata visamaki vya kukaanga. Wewe ukauzungusha mshipi juu ya kichwa, ukamwachia samaki wa mti aende mpaka penye povu, kisha ukawa unamvuta taratibu, unasita, unavuta tena. Nikakwambia uharakishe.

"Ukiharakisha watakuja wadogo," ukasema. "Mkubwa hana haja ya kukimbizana na kitu. Mfanye huyu aonekane mgonjwa, atakuja mwenyewe."

Akaja. Nilimbeba begani yule kolekole, mkia wake ukinipiga magotini njia nzima. Nikakuuliza nani kakufundisha.

"Nassor. Na huyu wa mti kamchonga yeye," ukasema, ukaendelea kuosha mikono.

Nassor, mumeo wa kwanza, aliyeuliwa Unguja mwaka ule sote tunaoujua. Tangu siku hiyo kila kolekole uliyemtoa majini alikuwa wake. Khalati akipakua mchuzi nilikula, na ulikuwa mtamu, na utamu wenyewe ukinikera. Angekuwa mtu hai ningemtafuta tutazamane. Huyu hata kumsema vibaya sikuweza. Akitajwa, sharti niseme Mungu amrehemu, na nilikuwa nikisema.

Nikaamua kuchonga wa kwangu. Wa kwanza alielea chali, ukacheka mpaka ukakaa chini. Wa pili akawa anazunguka kama pia. "Mpunguze kichwa," ukanambia, "umemchonga kama karani." Nikarudi Matrah na kisu changu, nikachonga kila siku nikitoka dukani, majirani wakiniuliza ninatengeneza nini, nikiwajibu miiko.

Kisha ikaja ile asubuhi ya bahari chafu. Kitu kikamshika samaki wako wa mti kwa nguvu ambazo sijaziona tena, mshipi ukakimbia. Nikanyoosha mkono nikusaidie, ukasema, "Niache, nishamjua." Akakuzungukia nyuma ya jabali, mshipi ukasagika kwenye jiwe, ukakatika. Ukabaki umesimama, viganja vimechanika, unatazama maji. Alikwenda na samaki wa Nassor mdomoni.

Nilifurahi, Zuwena. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Halafu ukakaa pale juu ya jabali ukalia kilio ambacho sijapata kukusikia ukilia.

"Sikumzika," ukasema. "Kaburi lake silijui. Kile ndicho nilichobaki nacho."

Nikavua kilemba changu nikakufunga mikono, nikakaa ubavuni mwako mpaka jua likapanda. Na hata hapo, nakwambia kweli, niliona wivu, safari hii wa machozi. Nikashindwa kujizuia. "Na mimi nikifa, utanililia hivi?"

Ukanitazama, uso wote umerowa. "Swali gani hilo la kumuuliza mtu anayetoka damu? Ufe kwanza, tuone."

Hukunipa nafasi. Umetangulia wewe, na jawabu langu umekwenda nalo.

Baada ya siku zile ukaanza kumtupa samaki wangu, yule wa nne, aliyekubali kuogelea. Kolekole wa kwanza aliyemkamata hakuwa mkubwa, lakini ulimwita khalati kutoka jikoni ukamwonesha: "Huyu wa mume wangu." Nilimla mpaka kichwa. Nassor hukumtaja tena, si Qantab, wala Amerat tulikohamia na watoto, miaka yote ile. Nikaona wivu kwa kunyamaza kwako pia, kwa sababu sikujua ndani yake mna nini.

Sasa kuna jambo moja linanikosesha raha. Juzi nilimfuata sheikh wa msikiti wetu, nikamuuliza mwanamke aliyeolewa mara mbili, akhera atakuwa na nani. Akajua namuulizia nani. Akasema wanazuoni wamekhitalifiana: wako wanaosema atakuwa na mume wa mwisho, na wako wanaosema atakhiyarishwa, naye atamchagua aliyekuwa na tabia njema zaidi. Nikashukuru, nikatoka na ile kauli ya kwanza kifuani. Kabla sijafika nyumbani ile ya pili ikanijia, maana nasikia Nassor alikuwa mpole sana.

Basi akikujia, msalimie. Mwambie nilikutunza kadiri ya uwezo wangu, na kwamba kila sala namwombea yeye pia, ingawa naanza na wewe. Mkae mzungumze, mna mengi. Lakini kuchagua, mke wangu, nakuomba unisubiri.

Mumeo wa mwisho