Sauti ya Kindness kwenye mdomo wa Brenda

Doris, acha unachofanya usome hii. Mektrida wetu ametoka kwenye ujaji sasa hivi, bado ana hasira.

Si waliitwa majaji watatu, Mektrida mmoja wao, huko Shirimatunda kuangalia ile opera ya kwaya iliyorekodiwa video? Brenda ndiye malkia. Anaigiza kama mtu anayesubiri zamu yake benki. Anamlilia mume aliyekufa huku anachungulia kamera. Lakini sauti sasa. Sauti inapanda mpaka mwili unasisimka.

Mektrida akafumba macho, akasikiliza, akasema, "Huyu siyo Brenda. Huyu ni Kindness. Nimemfundisha kuimba miaka sita, namjua hata anavyovuta pumzi."

Unajua mwongozaji wao, Fabian, alijibu nini? "Ni kweli mwalimu, tulimrekodi Kindness studio. Ila lile kovu lake la moto shavuni, watu wangeangalia kovu badala ya opera."

Kovu, Doris. Alisema hivyo huku anakoroga chai. Na wale majaji wengine wakaitikia kwa kichwa, wakampa Brenda tisa ya sauti. Tisa, kwa kufungua mdomo tu.

Mektrida akachukua kalamu. Kwenye fomu yake akakata jina la Brenda, akaandika Kindness, kumi. Fabian akamwambia fomu hiyo haihesabiwi.

 Sasa Mektrida anapanda Kirua Vunjo moja kwa moja, nyumbani kwa kina Kindness, kumwambia kwamba sauti yake imetumika, maana mtoto wa watu aliambiwa haikufaa.