Mlima kwa Nyota

Jumatatu, 1 Februari 1988

Sasa, Mfunga-Mdomo, daftari yangu! Leo niko na story. Nimejua siri ya kompyuta ya Madam Magdaline, mkuu wa college! Skrini iko na mistari 25, kila mstari nafasi 80. Unaandika LOCATE 12,40, halafu alama ya nyota — inakaa hapo hapo katikati! Kama kupanda mahindi, shimo moja, mbegu moja.

Jumamosi wazazi wanakuja kuona college. Madam amesema nikiwaonyesha kitu ya maana, nitafundisha darasa ya kompyuta. Nikishindwa, anachukua Kingori, yule wa tai na cheti ya Nairobi. Mimi niko na kitabu ya hesabu ya miraba tu.

Jumatano, 3 Februari

Nimechora Mlima Kenya! Nyota mia mbili na kumi, nimetoa kwa kalenda ya ofisi. Mzee Nderitu, askari wa geti, akaingia, akaangalia, akaangalia. Ati, "Ngendo, huu ni mlima wa watu wa Nanyuki. Wetu wa upande huu hauna bega hapo."

Nikatoka nje — mawingu matupu. Nikasoma kalenda chini: picha ya Nanyuki. Haki ya Mungu! Nimefuta yote.

Ijumaa, 5 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Ruring'u, juu kwa ngazi za uwanja. Baridi ya kukata masikio. Mlima uko wazi! Nikajaza miraba mbio mbio. Saa mbili ukajifunika. Umechelewa, niko nao wote.

Jumamosi, 6 Februari

Naandika wazazi wakikunywa chai. Nyota zilishuka moja moja, kilele kwanza. Nderitu akatoa kofia. "Sasa huo ndio." Madam akaanza kutabasamu — halafu Mzee Garad, muuza ng'ombe wa Nanyuki, baba ya mwanafunzi wetu Luul, akaniuliza: "Na sisi, mama? Mlima yetu iko wapi?"

Watu walicheka! Madam hakucheka. Ati baada ya chai nionyeshe na ule wa Nanyuki.

Si ndio nilifuta Jumatano! Kuhesabu tena kwa kalenda ni siku nzima.

Kingori ameniinamia. "Geuza tu huu, kulia iende kushoto. Ni dakika moja. Nani atajua?"

Garad atajua. Ameuangalia kila asubuhi tangu azaliwe.

Ama nimwite akae hapa kando yangu, mbele ya wote, aniambie kila nyota iende wapi? Polepole. Na nikikosea, waone nikikosea?

Vikombe vinarudishwa. Kiti ya pili nimeshavuta.

Mfunga-Mdomo, ungekuwa wewe, ungemwita?