Kuku wa Mwalimu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Endamarariek hatujambo, mbaazi zimechanua. Umeuliza kama niliwahi kuona kisukuku, uwasimulie wanafunzi wako.

Nilikiona, ila mkononi mwa jirani yetu Paulina. Alikiokota korongoni tukichunga mbuzi utotoni: jiwe lenye alama ya mguu wa ndege wa kale. Mwalimu wetu akamsifu wiki nzima. Kwa wivu nikakandamiza mguu wa kuku kwenye udongo, nikauchoma udongo huo jikoni, nikampelekea Mwalimu. Alama ilikosa kidole kimoja. Akamtambua kuku wake!

Hakunichapa. Alimleta kuku darasani, sote tukamkanyagisha tope. “Jiwe la Paulina lilianza hivi,” akasema. Hata uongo wangu ukawa sifa ya Paulina!

Juzi nilimkumbusha Paulina lile jiwe. Akauliza, “Jiwe gani?”

Chai yake sikuimaliza.

Bibi yako