Ufunguo wa Stoo ya Dagaa

Jumanne, mbalamwezi

Bado nacheka, ingawa mchana nilinuna kweli.

Mwezi ukiwa mkubwa hivi taa za wavuvi hazivuti dagaa, hawaingii ziwani, kwa hiyo leo sisi waanika dagaa wa Ujiji tulikaa kikao. Ajenda ilikuwa maoni yetu kuhusu katiba. Mimi mwenyekiti nikaanza, tena kwa ukali. Nikasema Rais anateua wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi, hadi majaji. Sasa nani atamwambia hapana? Wakapiga makofi, kichwa kikavimba.

Ndipo Mama Zawadi, ambaye huwa haongei, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwenyekiti. Katibu wetu aliteuliwa na nani?"

Na mimi.

"Mweka hazina?"

Mimi.

"Na mlinzi wa vichanja vya kuanikia?"

Huyo ni shemeji yangu. Walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi kwa kanga.

Nilitaka kufunga kikao kwa hasira. Kisha nikakumbuka kwamba hata mamlaka ya kufunga kikao nimejipa mimi mwenyewe, nikaishia kucheka nao. Tukapiga kura. Katibu amebaki, shemeji ametoka, na ufunguo wa stoo niliouvaa shingoni miaka mitatu wakauomba pia; sasa anao Mama Zawadi.

Shingo nyepesi. Lakini nawaza. Kama mimi niliung'ang'ania ufunguo wa stoo ya dagaa, mwenye nchi nzima mkononi itakuwaje? Na mimi si mtu mbaya. Ila wasingeuomba, nisingeutoa.