Mahakama Inataka Baba Mmoja Tu

Alhamisi, Agosti 2018. Bertrams.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu wa Agosti ya huku, unaokuachia vumbi hadi kwenye meno. Midomo imenipasuka. Lakini nisiusingizie upepo. Nimekasirika, na kilichonikasirisha ni neno "baba".

Ndiyo, baba. Neno ambalo mwanangu alilitamka kabla hajaota meno, nikamnunia kwa kuwa hakuanza na "mama".

Kwa asiyeijua kazi yangu: mimi ni mtafiti katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria hapa mtaani. Mawakili wanasimama mbele na majoho yao, mimi nawatafutia hukumu za nyuma za kuegemea. Siku hizi hukumu zinawekwa mtandaoni. Unaandika neno, unabonyeza, zinamiminika. Watu wanayaita maendeleo. Leo nimeyaona maendeleo hayo yakimkaba mtu koo.

Mtu mwenyewe ni Furaha, msusi wa Rosettenville, mzaliwa wa Baraka, Kongo mashariki. Alipoomba hifadhi alieleza kwamba baba aliuawa mbele ya nyumba yao, kisha baba akamvusha ziwa mpaka Kigoma. Mkalimani alikuwa upande wa pili wa simu. Akaligeuza "baba" mara zote mbili kuwa lile neno la Kiingereza la mzazi wa kiume, basi, akakata simu. Afisa akaandika kwamba maiti haivushi mtu ziwa, kwa hiyo mwombaji ni mwongo.

Aliandika hivyo hivyo. Nadhani alijiona mcheshi.

Furaha akakata rufaa, ikatupwa kwa sentensi ileile. Leo ilikuwa zamu ya jaji, na jaji akikataa, Furaha anarudishwa kwao. Hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye watu angeelewa. Baba wa kwanza ndiye aliyemzaa. Baba wa pili ni mdogo wake yule wa kwanza. Kwetu Tanga tungesema ami au baba mdogo, tena tukiwa na wageni. Tukiwa wenyewe ni baba tu. Kwa kina Furaha hata huyo "mdogo" hawahangaiki naye.

Wakili wa serikali, mzee mmoja mpole, suti safi, alisimama akasema jambo hili limekwisha kuamuliwa. Akasoma hukumu: katika Kiswahili neno "baba" lina maana moja, mzazi wa kiume. Akatoa hukumu ya pili inayosema hivyo. Akatoa na ya tatu. Jaji anaandika, anaandika. Mimi nyuma kule masikio yanawaka. Lugha yangu imehukumiwa, na mimi mwenyewe sikuitwa hata shahidi!

Wakati wa mapumziko nikakaa kwenye ngazi na kompyuta magotini, nikazifuata hizo hukumu. Ya tatu imeinakili ya pili. Ya pili imeinakili ya kwanza. Na ya kwanza je? Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya kupofusha macho, imetaja chanzo chake: kitabu cha maneno ya watalii. Vile vinavyouzwa uwanja wa ndege, vyenye "twiga yuko wapi" na "naomba bia baridi". Majaji watatu wamekaa juu ya kitabu hicho, na hakuna aliyeinuka kutazama amekalia nini.

Nikamkimbilia Nomvula, wakili wetu. Nilimkuta kwenye korido akipiga soga na yuleyule wakili wa serikali, maana wanafahamiana. Mzee anamwambia kesho akimaliza tu anashika njia kwenda KwaZulu, anapeleka ng'ombe wa mahari, mwanawe anaoa. Walikuwa wakisema Kizulu, lakini nimekaa huku vya kutosha.

"Mwanao yupi?" Nomvula akashangaa. "Si una mabinti watupu wewe?"

"Wa marehemu kaka yangu. Eish, si ni kitu kilekile?"

Kitu kilekile!

Nilitaka kumshika koti. Nomvula aliniona uso akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba maneno ya kwenye korido si ushahidi. Najua. Kazi yangu ni kujua. Lakini mle ndani, kuanzia karani hadi askari wa mlangoni, nani hana baba zaidi ya mmoja nyumbani kwao? Huyo wa pili wanamwacha nje pamoja na miavuli, wakiingia wanakuwa watu wasio na ukoo.

Tuliporudi ndani Nomvula akamwonyesha jaji chanzo cha ile hukumu ya kwanza. Jaji akakisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema anaielewa hoja, ila hawezi kuamua kwa kukicheka kitabu tu. Furaha alete kiapo kesho asubuhi, aeleze mwenyewe neno hilo. Nikaona tumepona. Nomvula akaandika kiapo palepale, kifupi, safi, kwa Kiingereza chake cha kunyooka. Nikamfasiria Furaha: aliyenivusha ziwa si baba yangu, ni ndugu wa baba, nilikosea nilipomwita baba.

Furaha akaiweka kalamu chini.

"Dada, hii mi siwezi kusaini. Sikukosea. Ule njo baba yangu. Aliacha watoto yake kule juu ya kunivukisha mimi. Leo niandike haiko baba yangu, tena niape na Mungu?"

Nomvula akamwambia ni neno tu. Furaha akatikisa kichwa. Nomvula akatazama saa, akanisukumia karatasi, akasema kabla ya kikao cha kesho niwe nimemshawishi.

Nikajaribu. Kwa nini nijifiche hapa? Nilimfokea. Nilimwambia mtu hakubali kurudishwa kwenye bunduki kwa ajili ya neno, asinichoshe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nikisaini, nimesema walikuwa na haki, kwamba nilidanganya."

Miaka yote hii wanamtaka aseme alikosea, na leo sisi, watu wake, ndio tuliomwandikia maneno hayo vizuri na kumpa kalamu.

Sasa jua ndiyo kwanza linazama nyuma ya uwanja wa Ellis Park, Furaha yuko jikoni kwangu anamenya viazi kama mtu asiye na kesi. Nimefuta "nilikosea". Nimefuta "si baba yangu". Nimeandika upya, na neno "baba" nimeliacha kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza, wahangaike nalo:

Baba yangu aliuawa mbele ya nyumba yetu. Baba yangu alinivusha ziwa. Wa pili ni mdogo wa wa kwanza, na kwetu wote wawili ni baba. Nilisema kweli siku ile na nasema kweli leo.

Nimemsomea. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema hii ataiapia.

Nimempigia Nomvula. Ameguna, akasema sharp, yaani sawa, niilete, ila nisimlaumu jaji akiuliza ni yupi hasa.

Naye aulize. Kesho Furaha ataapa kwa baba zake wote wawili. Mzee mpole wa suti safi atasimama kumwambia jaji kwamba mtu ana baba mmoja tu, kisha atapanda gari kwenda kumwoza mwanawe.