Masikio Yangu Si ya Karasha

Jumatatu, 3 Machi
Kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, tangu asubuhi. Mimi nalisha mawe ya dhahabu, mwenzangu Halima anazoa unga. Vumbi Sekenke nzima. Nimerudi nyumbani masikio yanalia nyiii, kama kawaida. Binti yangu Eliza aliniita kwa nyuma, sikumsikia. Kadhani nimemnunia.

Jumatano, 5 Machi
Nusura nife. Lori la mawe lilirudi nyuma, dereva akapiga honi. Sikusikia kitu. Halima alinivuta, nikaangukia goti. Halafu hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitali, Kiomboi. Daktari kanipima masikio. Maswali mengi. Mashine umeianza lini? Unashinda nayo saa ngapi? Masikioni unavaa nini? Sivai kitu. Mabati yamezunguka pande zote, kelele haina pa kutokea. Hata chakula tunakula palepale. Kasema yote hayo yanaua masikio. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa. Nimelia kwenye basi. Basi, imetosha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemfuata bosi, mwenye karasha. Nataka viziba masikio. Nataka zamu za kupumzika. Nataka mabati ya ukutani yatoke. Kacheka. "Uzee huo, Mama Eliza. Umechoka, kalime alizeti." Nilimtazama mdomo nisikose neno. Uzee gani? Halima ni mdogo kwangu kwa mbali, na masikio yake yanalia.

Jumatatu, 10 Machi
Sijalisha jiwe. Nimekaa juu ya rundo, mikono nimekunja. Bosi kafoka. Nikamwambia sisikii. Kweli tupu. Halima akaja kukaa nami. Ninaogopa. Nikifukuzwa tutakula nini? Sijainuka.

Jumatano, 12 Machi
Karasha bado kimya. Wachimbaji wameanza kupeleka mawe yao kwa jirani. Mchana bosi kaja na viziba masikio, kavitupa miguuni petu. Nimeviokota, nimevifuta vumbi, nimevaa mbele ya macho yake.
"Na zamu?"
"Na zamu."
"Na mabati?"
Kayatazama mabati. Halima akachukua nyundo, akaanza kung'oa. Bosi hakumzuia.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani. Sauti nyembamba za kwaya sizipati tena. Naona midomo tu. Imeniuma. Eliza kanishika mkono, akawa ananigongea mapigo kiganjani. Nimesimama na waumini wenzangu, nikaimba.