Chupa za Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Damu ya wifi imeingia kwetu leo. Siyo damu yote. Mashine ilimchuja asubuhi nzima, ikachukua seli nyeupe, nyingine ikamrudishia. Mfuko wenyewe hauzidi kiganja changu.

Mkuu wa maabara aliniita kabla sijavaa barakoa. Kanuni yetu inasema hakuna kumwandalia ndugu. Lakini mwenzangu yuko likizo ya uzazi, na wenye mikono iliyozoea kazi hii tumebaki wawili tu, Mkuu na mimi. Akaniuliza kama nitaweza kumsahau mgonjwa nikishafunga mlango. Nikasema nitaweza. Nilijibu haraka mno, naona sasa.

Nilipita wodini baada ya kazi. Wifi amechoka, midomo imemkauka, ila ulimi uko palepale. "Wali unakushinda," akasema, "ndiyo wamekupa damu yangu uipike?" Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mshono wake. Nami nikacheka. Miaka yote hii hajauacha ule wali wangu wa kwanza ulioungua.

Mwezi jana walimtoa figo la kushoto pamoja na uvimbe. Saratani imebaki mapafuni. Dawa za kawaida zimegoma. Basi ndiyo hii.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu ametaka nimweleze tena, polepole. Yule ni dada yake, lakini ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Cherehani ya wifi ndiyo iliyomsomesha.

Nikamwambia: kwenye damu ya dada tumeokota seli changa. Tumezilaza kwenye chupa bapa, ndani ya inkubeta, joto kama la mwili, na dawa mbili za kuzikuza. Zikikua zinaitwa seli za matawi, kwa ajili ya mikono yao mirefu. Lakini kazi yao ni umbea mtupu! Zinadokoa kila kinachopita, halafu zinakimbilia kwenye tezi kuwasimulia askari wa mwili zilichokiona. Saratani ya dada imejificha, askari wanapishana nayo bila kuijua. Jumamosi tutazilisha uvimbe wake mwenyewe — tumeugandisha na kuuyeyusha mpaka umepasukapasuka, sisi kazini tunauita supu. Zikishashiba tunaziamsha kwa dawa, tunamchoma nazo, zinakwenda kusema.

Alitabasamu kwenye umbea. Akasema basi hizo ni za dada kweli. Halafu akauliza: na zikikataa?

Nikaenda kukunja nguo.

Alhamisi, 6 Machi

Inkubeta inafunguliwa mara moja kwa siku, na watu wawili. Leo tumefungua na Mkuu asubuhi. Nzuri! Zimejikusanya vishada vishada, kama watu waliosogeleana kwa baridi. Ndivyo zinavyotakiwa kwa sasa: zitulie, mdomo wazi, zisubiri chakula.

Mkuu akaenda kikaoni. Nikarudi. Nilichukua chupa moja tu, ya mbele, nikaiweka chini ya hadubini. Zipo. Nikairudisha.

Baada ya chakula cha mchana nikarudi tena. Sikuwa na sababu yoyote. Ni kama mtu anavyopapasa mfuko kuona funguo zipo.

Ijumaa, 7 Machi

Picha mpya ya mapafu. Madoa yameongezeka. Daktari alimwambia mume wangu koridoni, mume wangu akaniambia kwa simu, sauti yake ya kujikaza ile.

Leo nimefungua sijui mara ngapi. Chupa zilezile za mbele, maana za nyuma huzifikii bila kuzihamisha hizi kwanza. Naziinua kwenye mwanga, nazigeuza kidogo, narudisha. Vishada vinapeperuka, vinaachana. Nikajiambia vitakusanyika tena. Wageni wakija maabara, mimi ndiye ninayewafundisha kutofanya hivyo!

Naogopa. Basi. Naliandika hapa kwa sababu hakuna pa kulisema.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kulisha. Supu ilikuwa imeyeyuka, tayari. Mkuu akaweka chupa ya kwanza chini ya hadubini, akakaa pale muda mrefu. Akaweka ya pili. Mimi nilikuwa nimeshika pipeti hewani kama mjinga.

Akasogea nitazame. Nilijua kabla sijainama. Seli zimetawanyika, kila moja peke yake, mikono imetoka pande zote — ndefu, nzuri, kama kwenye picha za vitabuni. Siku nyingine ningeshangilia. Lakini leo ni mapema. Seli ikishatoa mikono imefunga mdomo. Haili tena. Uiwekee supu, itaelea tu pembeni. Ukimchoma nayo mgonjwa, itakwenda kwenye tezi haina la kusema.

"Hizi zimeamka," Mkuu akasema. "Nani kazitikisa?"

"Mimi."

"Mara moja?"

"Hapana, mama."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alitoa tone kutoka kila chupa, akalipitisha kwenye mashine inayosoma alama za seli. Za mbele zote zimeamka. Za nyuma bado zimelala, salama kabisa, kwa sababu tu mkono wangu haukuzifikia.

Tukazilisha za nyuma. Yaani alizilisha yeye, mimi nilishika kifuniko. Daktari alitaka sindano sita. Za nyuma zikitoka vizuri zote, tutapata tatu. Kumchuja wifi mara ya pili siyo jambo la kuahidi, daktari amesema: mishipa ile mara ya kwanza tu ilisumbua, na damu yenyewe imepungua.

Mkuu alivua glavu. Akaniambia kuanzia sasa nikae chumba cha nje, chupa atazishughulikia yeye. Kosa lilianzia kwake aliponiruhusu, akasema, na hivyo ndivyo atakavyoripoti. Nikaomba kitu kimoja tu: wifi aambiwe na mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia.

Daktari alikuwepo, akaeleza ya sindano tatu badala ya sita, akatoka. Mume wangu alisimama dirishani ametugeuzia mgongo. Jana nilipomwambia hakunigombeza, alikwenda kuosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki na kuyasema yote. Kwamba nilikuwa nazichungulia. Kwamba hakuna aliyenituma, na kwamba nilijua haifai.

Wifi aligeukia ukutani. Nikahesabu maua ya shuka. Baadaye akamwambia mdogo wake atupishe.

Akauliza kama nakumbuka mtoto wetu alipozaliwa. Nilijua anakokwenda, nikainama. Alikuja kukaa nasi kunisaidia. Kila mtoto akilala yeye anaingia, anamfunua, anaweka kidole puani kusikia kama anapumua. Mtoto anaamka, analia, mimi sijalala siku ngapi. Siku moja nikamtoa chumbani. Nilimshika mkono nikamtoa, nikafunga mlango kwa komeo.

"Nililia jikoni kwako siku ile," akasema. "Nikasema mwanamke huyu ana roho mbaya. Nimekaa na hilo mpaka leo. Kumbe ulikuwa unajua."

Nikasema, "Wifi, nisamehe."

"Sijafika huko." Akavuta shuka mpaka kidevuni. Macho yake hayakuwa na utani hata chembe. "Sasa na wewe toka."

Nikatoka. Nimelia kwenye ngazi, palepale watu wanapopita. Mfagiaji alinizunguka na ufagio wake, akaacha kipande nilichokalia.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba cha nje. Meza, simu, kioo kikubwa cha kutazamia ndani.

Mkuu aliweka dawa ya kuamshia jana jioni. Sasa ndiyo zinatakiwa kuamka — zikiwa zimeshiba. Zitavunwa kesho asubuhi. Mpaka hapo hakuna wa kugusa, hata yeye. Ameitwa ofisi kuu kwenda kueleza. Ameniacha hapa nilinde mlango! Akatundika ufunguo wa maabara ukutani mbele yangu, akanitazama, akaondoka. Sijui kama ananiamini au ananipima. Labda hakuna mwingine wa kumwacha tu.

Nimesafisha meza. Nimeisafisha tena.

Simu imelia sasa hivi. Wifi. Sikutegemea. Alianza na habari za kitanda cha pili, mgonjwa ameruhusiwa, watoto wake wamekuja kumchukua na kelele nyingi, ukoo mzima, mmoja amesahau kandambili. Nikaitikia tu. Halafu nikasikia pumzi yake, fupi kuliko jana.

"Umeziangalia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, wifi."

Nikadhani simu imekatika.

"Mimi," akasema, "ningeziangalia."

Akakata.

Nimecheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Sijui kama huo ni msamaha. Kwake yeye unaweza kuwa ndio wenyewe. Nitamuuliza kesho, nikiwa na la kumwambia. Kama zimeamka zote. Kama zimeshika kile tulichozilisha. Kama tatu zinatosha.

Kupitia kioo naona taa ya inkubeta. Kijani. Haisemi chochote zaidi ya joto. Ufunguo uko ukutani, ukinyoosha mkono unaufikia. Mkuu hajarudi.

Mkono wa kushoto nimeukalia. Wa kulia ndio huu unaoandika, na sitaki kuacha kuandika kwa sababu —